Nta ya mrina asali ilivyomnyamazisha Bwana Mganga: kisa changu na hadubini, Tabora enzi za Mwingereza

Mwangaluka, wakuu. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya kwetu Unyamwezini, itikieni hata kama mnasoma jioni.

Mimi ni mzee, simu hii nimefundishwa na mjukuu. Naona humu mnabishana nani msomi na nani kanjanja, basi nami niseme langu. Chumvi siongezi. Meno yameniisha, kumbukumbu bado.

Kabla ya uhuru nilikuwa msaidizi wa maabara hospitalini Tabora. Maabara yenyewe chumba kimoja, meza dirishani, hadubini moja ya shaba. Chini yake kulikuwa na kijioo cha kunasa mwanga wa jua. Wingu likipita, unakaa unasubiri.

Ile hadubini niliipenda kuliko baiskeli yangu, na baiskeli nilikuwa simwazimi mtu.

Siku moja akaletwa kwa treni mrina asali wa Tura, jina Mihambo. Mizinga yake ilikuwa porini, kandokando ya njia ya zamani ya misafara. Amefungwa kamba mikononi. Anasinzia huku chakula kiko mdomoni, ukimwamsha anapiga watu. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari wa Kizungu, aliniagiza nimpime malaria. Sikuiona. Basi akaandika karatasi: huyu kichaa, kesho asubuhi apande treni apelekwe hospitali ya wendawazimu, mbali huko. Katika niliowaona wakipelekwa, sikumwona aliyerudi.

Mama Kabula akanifuata mlangoni na kikapu chake.

"Dakitari, mume wangu si kichaa. Ilianza homa, alipotoka mizingani. Mbung'o kule wanauma mpaka juu ya nguo. Nitazamie tena."

"Mimi si daktari, mama."

"Lakini unatazama. Basi nitazamie."

Aliposema mbung'o nikashtuka. Malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o! Mbona sikuwaza? Niliambiwa tafuta malaria, nikatafuta malaria. Ndiyo kazi ya kutumwa hiyo, wakuu. Niliona aibu sana.

Nikamchoma kidole Mihambo, mkewe kamshika. Safari hii sikuikausha damu wala kuitia rangi. Tone bichi juu ya kioo, kigae chembamba cha kioo juu yake, nikainama.

Mwanzoni chembe za damu zimetulia tu. Nikasogeza kioo polepole, huku na huku, shingo inauma. Mara kona moja chembe zikaanza kusukumana. Kuna kitu katikati yao kinajipinda kama mkia wa mjusi uliokatika. Kijidudu cha malale, kizima, kinaogelea.

Nikatoka mbio kumwita Bwana Mganga. Yuko chumba cha upasuaji, nikasubiri mpaka amalize. Akaja, akainama, akatazama.

"Hapana kitu. Damu kavu tu."

Kweli, tone lilikuwa limekauka. Kiangazi cha Tabora mnakijua, hata mate yanakauka mdomoni. Akaniambia anaye mgonjwa mwingine wa kupasua, nisimsumbue, na karatasi inabaki vilevile.

Nilikaa kwenye kigoda nikakaribia kulia. Kitu nimekiona kwa jicho langu, na sina shahidi.

Mama Kabula alikuwa kasimama pale pale. Kwenye kikapu chake kulikuwa na bonge la nta, alilibeba auze mjini wapate chakula. Nikalitazama, nikamkumbuka bibi yangu wa Urambo. Kibuyu chake kikipasuka alikuwa anayeyusha nta, anaziba ufa, na maji hayatoki tena.

"Mama, nimegee kidogo."

Akamega bila kuuliza.

Nikatoa tone la pili. Nikayeyusha nta kwenye taa ya spiriti, nikaipaka kwa njiti ya kiberiti kuzunguka kingo zote za kigae. Nikatafuta tena. Yumo! Nikakaa nikimlinda, nageuza kijioo jua linavyosogea.

Nikamtumia mhudumu amwombe Bwana Mganga atazame mara moja tu; alikuja jua limeshainama, kachoka, kanuna. Akaweka jicho. Akageuza kijioo mwenyewe. Akatazama tena, mpaka Mama Kabula akanishika mkono.

Halafu akachukua ile karatasi mfukoni mwake, akaichana.

"Nani alikufundisha kuziba hivi?"

"Bibi yangu, bwana."

"Yeye anafanya kazi hospitali gani?"

Wakuu, siku hiyo nilitembea Tabora nzima kifua mbele.

Mihambo alichomwa sindano kali wiki kadhaa. Siku moja nipo dirishani, namwona anakuja kwa miguu yake, mikono haina kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaweka mezani vibuyu viwili vya asali. Kimoja changu, kimoja cha bibi.

Nikampelekea bibi Urambo, nikamweleza yote. Akalamba kidole, akanitazama.

"Kwa hiyo kuziba kibuyu nako ni udaktari?"

"Siku ile kulikuwa udaktari, bibi."

"Basi mwambie huyo Mzungu wako mimi nimekuwepo siku zote."

Nilichojifunza: ukitumwa kutafuta kitu kimoja, tazama na vingine. Na mke wa mgonjwa akisema, sikiliza, yeye ndiye aliyekuwa anamtazama tangu mwanzo.

Haya, wa maabara mliomo humu, mna umeme na mashine za kila aina, tuambieni na ninyi ya bibi zenu. Nipo, nasoma kwa miwani.