Nyuzi Zilizolala

Nilikuwa nimeajiriwa na ushirika wa wakulima wa viazi, ofisi yetu ikiwa Nakuru mjini, juu ya duka la mbolea. Mfumo wa mtandaoni tuliutunza watu wawili, mimi na dada mmoja aliyenitangulia pale. Wakulima wa Mau Narok waliufungua kwenye simu kuona uzito wa mizigo yao, na karani wa ghala la huko aliutumia kupokea viazi.

Asubuhi moja ya mavuno ukurasa ukakataa kufunguka. Karani akapiga simu.

"Boss, malori yamefika mpaka barabarani na mvua imeanza. Hiyo kitu yenu iko sawa kweli?"

Meneja alitaka tuagize seva kubwa zaidi. Nilipotazama vipimo, seva haikuwa imelemewa. Ilikuwa karibu haifanyi chochote.

Ndani ya seva kuna nyuzi, na kila anayefungua ukurasa hushikiwa uzi mmoja wa kumhudumia mpaka amalize. Zetu karibu zote zilikuwa zimelala. Kila uzi uliuliza mizani ya ghala, ukakosa jibu kwa kuwa laini ya mtandao ya mizani ilikuwa inakatika, ukalala ili ujaribu tena baadaye. Uzi uliolala hauichoshi mashine, ila nafasi yake hauiachi. Waliokuja nyuma hawakupata wa kuwahudumia.

"Hiyo amri ya kulala niliandika mimi," mwenzangu akasema. "Wakati huo wakulima walikuwa wachache."

Akakiandika upya kile kipande cha programu: mizani iulizwe kando, mzigo upokelewe, uzito uingie laini ikirudi. Kabla ya chakula cha mchana ukurasa ulikuwa unafunguka vizuri.

Karani akaniambia foleni inasonga. Ila mathe mmoja, mama mkulima wa huko, alikuwa amechoka kusubiri, akawauzia madalali viazi vyake palepale matopeni, kwa bei waliyotaka wao.

Tulipopanda Mau Narok kukagua laini, mwenzangu aliomba tupitie kwa yule mathe. Tulimkuta akipalilia. Mwenzangu akaanza kumweleza habari za seva, yule mama akamsikiliza kwa adabu, jembe mkononi.

"Sasa ikikwama tena," akauliza, "mtanipigia kabla sijapakia lori?"

"Nitakupigia mwenyewe, mathe."

Yule mama akamtajia namba yake, kisha akarudi kupalilia.