Tulivyomngoja Mama Mudogo Samba

Juzi nilirudi Samba na magunia ya mchele. Niliyatoa Wamaza kwa pikipiki, nikayavusha mto Lualaba kwa mtumbwi, ili yapande treni ya Kindu. Shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, mzee mpole, alinipa kiti kwanza ndipo akanipa habari.

"Masini ya kuvuta treni imekufa njiani, mama. Siku itatoka, sisi pia hatujue."

Nilitaka kumgombeza, lakini kosa halikuwa lake. Nikakaa kutazama majani yaliyofunika reli, na hasira ikanirudisha utotoni.

Unajua sisi wa Kasongo hatukuwahi kuwa na reli mjini. Yetu ilikuwa kule Samba, ng'ambo ya mto. Mdogo wake mama aliolewa Kongolo, kusini kwenye reli hiyo hiyo, nasi tulimwita mama mudogo. Kila alipopanda treni kwenda Kindu kuuza samaki, alimtumia bibi habari kwa wasafiri. Basi bibi alipika wali na kuku wa mafuta ya ngazi, yaani mawese, akafunga kwa majani ya ndizi, tukaondoka kwenda Samba, mimi nimebeba maji. Kabla treni haijaonekana, reli zilianza kulia, wauza ndizi wakasimama, na bibi akakaza kitenge chake. Mama mudogo alitokeza nusu mwili dirishani. Chakula kikapanda, samaki wakashuka, na wao wawili wameshikana mikono, wanasema kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Treni ikiisha kuondoka, bibi alisema neno lake la siku zote: "Mutoto wa kuolewa kwenye reli, haiko mbali."

Kisha mama mudogo akajifungua mtoto wa kwanza. Akatuma neno kwamba atampitisha dirishani, bibi ampakate kidogo. Bibi hakutulia tena nyumbani. Siku ile tulifika mapema kuliko wote, naye akanawa mikono kwa maji niliyobeba, tayari kumpokea mtoto.

Treni haikuja. Tulilala gare, tukangoja tena kesho yake, mpaka tukaambiwa reli imeharibika huko kusini. Bibi akawagawia wasafiri kile chakula kabla hakijachacha. Hakulia. Alisema tutarudia, na kweli tulirudia, safari nyingi, bure. Halafu vita vikafika, njia zikafungwa, na bibi akafariki.

Yule mtoto wa mama mudogo alifika Kasongo akiwa mwanaume mwenye ndevu, juu ya pikipiki, matope mpaka kifuani. Nikampeleka makaburini. Akaniuliza, "Bibi alikuwa anafanana na nani?"

Nikamwambia, "Na mama yako."

Sasa wakubwa wanapita, wanapima reli, wanaahidi masini mpya, nasi tunawapigia makofi. Wanazungumza juu ya mizigo tu: mchele, mafuta, mahindi. Mchele wangu ukioza nitalima mwingine. Lakini sijasikia hata mmoja wao akitaja mama aliyesimama pale Samba, ameshanawa mikono, akimngoja mjukuu wake apitishwe dirishani.