Sindano Aliyoikataa Nesi Thobias

Saa mbili asubuhi, chai ya wodini imeshapoa, na Nesi Thobias bado anasalimia.

"Mwakeye, Bibi," anasema kwa Kiha, ameinama, mikono yote miwili mbele.

Ndivyo Waha wanavyosalimiana: mnashikana, mnapapasana hadi viwikoni, mnaulizana habari za watu, mihogo, mbuzi. Mwenye haraka atafute kabila lingine.

Bibi Merina wa kijiji cha Simbo anamkazia macho. Ugonjwa wa kusahau umempokonya majina ya wanawe, ila salamu haujaigusa. Jana alimpapasa nesi huyu hadi begani akamwita "mume wangu". Leo anatoa mkono wa kulia tu. Wa kushoto umelala juu ya kanga kama wa kuazima.

"Mke wangu, umenichoka mapema hivi?"

Bibi anaanza kucheka, kicheko kinakatikia njiani.

Usiku kucha amepiga kelele, na sindano ya kumtuliza iko tayari kwenye trei.

"Nimemuuliza kama anaumwa, kasema hajambo," anasema mwanawe, Elikana. "Ni uzee tu. Mchome alale."

"Kwani ulimuuliza lini akakwambia anaumwa?" Thobias anamjibu. "Hata nyumba ikiungua atasema hajambo. Mimi siulizi mdomo, naangalia mikono."

Yuliana, muuguzi kiongozi, anatweta. "Thobi, wagonjwa thelathini na wawili, wauguzi wawili! Kwa salamu zako tutafika Krismasi."

"Sindano hii sichomi, Dada. Akilala tutapumzika sisi. Maumivu yake yatabaki macho."

"Na daktari akiuliza?"

"Mwambie Thobias kagoma, yuko hapa hapa, wala hajajificha."

Ubishi huo kautoa nyumbani. Bibi yake aliyemlea alipoanza kusahau, kila aliyemgusa alipigwa kofi. Wakamwita mkorofi. "Kumbe jino," anasema Thobias. "Tulilijua shavu lilipovimba. Mtu mzima anateseka, sisi tunamnunia!"

Sasa kila mzee wodini ana alama yake anayoiangalia Thobias. Mama mmoja wa Kikongo huimba asubuhi; akinyamaza, Thobias anamfuata kitandani.

Daktari anafika, anasikiliza, analigusa bega la kushoto la Bibi. Bibi anauma kanga. Sindano inarudishwa, picha inapigwa: mfupa umepasuka.

Elikana anainamisha kichwa. "Aliteleza jana jioni bafuni. Hakulia, nikajua mzima."

Thobias ana mpango, na hauombi ruhusa: kila nesi mpya wodini humo ataanza na mikono kabla ya trei, hata wale wa kutoka Dar wanaosalimia kwa ncha za vidole.

Mchana, dawa ya maumivu imeshaingia na mkono wa kushoto umefungwa vizuri. Bibi Merina anampapasa kwa ule mmoja, taratibu, hadi begani.

"Kitanda cha kumi, Thobi!" Yuliana anaita.

"Kingoje, Dada. Hatujafika kwenye mbuzi."