Vikopo kumi na kimoja, makohozi ya mwanamke mmoja

Jumatatu iliyopita, saa ine ya asubuhi, nilipoteza vikopo 214 vya makohozi, kazi ya miezi mitano, pamoja na jina langu. Niko na miaka 38, mama wa binti wawili, hapa Likasi. Admin, unifiche.

Masomo ya laboratwari nilijilipia kwa kuuza mikate. Hakuna mujomba aliyenisukuma. Watu wa utafiti wa kifua kikuu wakanipa kodi yangu mwenyewe, ile namba inayoandikwa kwenye kila kikopo: ninapita nyumba kwa nyumba huku mtaa wa Panda, ninakusanya makohozi, yanaenda Lubumbashi kusomwa vinasaba. Kazi ilipozidi, nikamuingiza mudogo yangu mwanamke, mama mumoja baba mumoja, anaishi kwangu. Vikopo 60 alichukua yeye, chini ya kodi yangu.

Jumatatu hiyo docteur wa utafiti akanipigia: "Mama, vikopo vyako kumi na kimoja vimetoka kwa mutu mumoja. Mwanamke. Lakini majina saba ni ya wanaume." Vyote 214 vikawekwa pembeni. Anataka barua Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na jina la aliyefanya.

Nilimukuta mudogo yangu anaosha vyombo. Akacheka. "Yaya, jua ilikuwa kali, bale bantu habakuwa ku nyumba. Nikakohoa miye mwenyewe. Makohozi inaandikwaka jina?"

Nikamwambia alilomalizia docteur: vyote kumi na kimoja viko na kifua kikuu, ile isiyosikia dawa za kawaida.

Akaacha kucheka. Kisha: "Haikuwa yangu. Nilikuwa nakuchekesha tu."

Tangu hapo anakataa kupimwa. Na anakohoa, bandugu, wiki ya sita hii. Mimi niliita rhume, mafua tu. Alikuwa analala kitanda kimoja na binti zangu! Nimewatoa, nimewapeleka kupimwa, tunangoja.

Mama yetu anasema: "Weye iko na bwana, iko na nyumba. Yeye iko na nini? Utamuuza mutoto ya tumbo yangu na kalamu?" Mudogo yangu mwenyewe ameapa: "Andika, na kesho niko Kakanda, hamutaniona tena."

Akikimbia, atakufa bila dawa na kuambukiza wengine. Nikinyamaza, mwongo ni mimi, kodi yangu inafungwa, na watu kumi na mmoja wa Panda wanabaki kwenye rejista kama wamepimwa. Hakuna atakayewarudia.

Msiniandikie "pole". Msiniandikie "omba Mungu", ninaomba. Niandike jina lake, ndiyo ao hapana? Nijibuni kabla ya Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa ine ninapeleka barua.