Kiswahili Hakimo Katika Orodha

Mwalimu aliyenikataza kusema Kiswahili darasani ndiye niliyekuja kumlea uzeeni, na alipofika kwangu hakuwa amebakiwa na lugha nyengine isipokuwa hiyo hiyo.

Skuli ile ya Muscat tulikuwa wengi tuliotoka nyumba za watu wa Unguja. Nyumbani tukisema Kiswahili, njiani Kiswahili, na darasani ulimi ukikuteleza ulisimamishwa kando ya mlango mpaka kipindi kiishe. Nilisimama pale mara nyingi. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa Unguja kama sisi, na kila mtu akijua, lakini hatukuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kiswahili. Kiarabu chake kilinyooka. Mama yangu alinieleza baadaye kwamba watu waliorudi Oman miaka ile walikuwa wakichekwa lafudhi zao, na mwalimu alikuwa ameapa kwamba wanafunzi wake hawatachekwa. Kwa hiyo sikumchukia. Lakini kusimama pale mlangoni sikukusahau.

Nilistaafu mapema kazi ya ofisini, nikaigeuza nyumba aliyotuachia baba huko Hail kuwa nyumba ya wazee ya mchana. Watoto huwaleta wazazi wao asubuhi wakienda kazini, huwachukua alasiri. Nilianza na wahudumu watano: wasichana wawili wa Kiomani waliotoka chuoni, na wanawake watatu wa Kikenya. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo kutoka Bungoma, mwenye sauti nene na mikono isiyochoka.

Mwalimu aliletwa na mwanawe, mtu mzima wa serikalini, kanzu yake nyeupe haina kunyanzi. Aliniambia kwa Kiarabu kwamba mama yake amekuwa msahaulifu, hali chakula vizuri, na anawapigia kelele wanaomhudumia. Jambo moja hakuniambia, nikaligundua mwenyewe asubuhi ile ile.

Msichana mmoja wa Kiomani alimwamkia kwa Kiarabu, kwa adabu zote. Mwalimu alimtazama kama mtu anayesikia redio ya nchi za mbali. Akaulizwa kama anataka maji, akageuza uso. Akaguswa bega, akaupiga ule mkono. Hapo mama wa Bungoma akapita na chai, akamwinamia.

"Mwalimu, kuja tukunywe chai."

Mwalimu akageuka. Macho yake yaliamka.

"'Kuja'? 'Kuja' ndo nini? Sema njoo."

"Njoo."

"Na 'tukunywe' hamna. Tunywe."

"Njoo tunywe chai, Mwalimu."

"Haya. Sasa nnakuja."

Nilikuwa nimeshika sinia, ikabidi niliweke chini. Katika umri wangu wote ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili, nacho kilikuwa Kiswahili kitamu cha mjini Unguja, cha bibi yangu khasa. Kuanzia siku ile alikula, alikoga, alilala, ilimradi anayemsemesha anamsemesha kwa Kiswahili. Mwalimu alimwita mama wa Bungoma mwanafunzi wake, na kila siku alimsahihisha, na mwanafunzi, nadhani kwa makusudi, kila siku alikosea.

Nyumba kama yangu haijiendeshi kwa ada za familia peke yake. Kuna mfuko mmoja wa wahisani uliokuwa ukinichangia sehemu ya mishahara ya wahudumu na kuwalipia mafunzo. Sharti lake, kila baada ya miezi mitatu nijaze ripoti kwenye mtandao: nani ameajiriwa, anafanya kazi gani, amesomea nini, ameondoka nani. Sikuwa na ugomvi na hilo. Pesa za watu lazima zitolewe hesabu.

Mwaka ule wakabadilisha ukurasa. Sasa uliuliza mambo mawili mapya: mzee anasema lugha gani, na mhudumu wake anasema lugha gani. Zikilingana, mfuko unamchangia mhudumu huyo. Zisipolingana, haumchangii. Wazo zuri, nikasema moyoni, hatimaye kuna mtu huko ofisini amewahi kukaa na mzee. Kisha nikafungua orodha ya lugha. Kulikuwa na Kiarabu na Kiingereza. Basi. Na bila ya kuchagua, ukurasa haukukubali kuendelea mbele.

Niliandika kwenye sehemu ya maelezo: lugha ya mzee huyu ni Kiswahili, na ya wahudumu wake watatu ni Kiswahili. Siku ya pili akanipigia simu kijana wa mfuko aliyekuwa akizishughulikia ripoti zetu. Tulizungumza Kiarabu. Aliniita khalti, mama mdogo, kama wanavyofanya vijana waliolelewa.

"Khalti, jambo dogo tu. Huyo bibi mwandikie Kiarabu, na wahudumu waandikie Kiarabu. Ukurasa utapita, na mimi nitaidhinisha leo leo."

"Hasemi Kiarabu."

"Lakini ni Muomani, khalti. Muomani lugha yake Kiarabu."

"Mama yangu aliomba maji yake ya mwisho kwa Kiswahili. Naye alikuwa Muomani."

"Mungu amrehemu. Lakini nani atakuja kuangalia?"

"Hakuna. Ndiyo maana siandiki."

Nilijua kijana ananitakia kheri. Alikuwa akinionyesha njia ya mkato ambayo bila shaka wengi wameshaipita. Lakini niliwahi kukaa ofisini, nazijua ripoti zinakwenda wapi. Zinajumlishwa. Juu ya kijana kuna mkubwa, na juu ya mkubwa kuna wakubwa wengine, na hao hawatakaa wakamwona mwalimu wangu hata siku moja. Watatazama jumla na kusema: wazee wote wa Muscat wanasema Kiarabu, basi tusomeshe wahudumu wa Kiarabu, tulipie hao, wengine wa nini? Na kila aliyeandika uongo wake mdogo kwa kurahisisha mambo atakuwa ametufuta kwa mkono wake. Nimeshawahi kusimamishwa mlangoni kwa ajili ya lugha hii. Sikuwa tayari kusimama tena, na safari hii nimuweke na mwalimu mwenyewe kando yangu.

Niliwaeleza wahudumu jikoni, maana jambo lilikuwa lao. Mama wa Bungoma alinisikiliza huku amejifunga leso kiunoni, imekazwa. Alikuwa ameumia mgongo kwa kumnyanyua mzee mmoja mnene aliyeteleza bafuni.

"Madam, niseme ukweli?"

"Sema."

"Wewe unapigania lugha. Sisi tunabeba watu. Hayo mafunzo ya kuinua mgonjwa tumeyangoja tangu mwaka jana. Ukiandika Kiarabu, shida iko wapi? Mimi najua yalla, twende; najua khalas, basi; najua moya, maji."

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu alikuwa na haki.

"Wakija wakakuuliza kwa Kiarabu ukakosa," nikamwambia, "watasema wewe si mhudumu na mimi ni mwongo, na Mwalimu atapewa mtu asiyemuelewa. Nikiandika ukweli wakaukataa, wamekataa wao."

"Na huu mgongo?"

"Mgongo wako ni juu yangu."

Aliikaza upya leso yake kiunoni. Kisha akasema, "Sawa. Lakini nitakukumbusha," akarudi kwa wazee.

Mfuko ukaleta watu. Alikuja yule kijana na mkubwa wake, bibi mmoja mwenye heshima zake, ananukia udi. Aliikagua nyumba chumba kwa chumba na hakuona kasoro. Tulipokaa sebuleni akasema, kwa upole kabisa, "Mlete huyo bibi. Tumuulize maswali machache ya Kiarabu, tujionee wenyewe kama hajibu."

"Hapana."

"Hapana?"

"Huyo amewafundisha watu wa mji huu kusoma na kuandika, na mimi mmoja wao. Hatasimamishwa mbele ya wageni aonyeshe alichokisahau. Mkitaka kujua anasema nini, kaeni naye. Kahawa ipo, tende zipo. Kaeni mpaka adhuhuri."

Yule mkubwa akatazama saa, akasema ana kikao. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari na tukaagana vizuri. Kijana aliomba ruhusa abaki. Alikaa pembeni mwa mwalimu asubuhi nzima, hakuelewa hata neno, akanywa kahawa yake na kusikiliza namna mtu anavyofundishwa tofauti ya "kukula" na "kula."

Baada ya siku chache jibu likaja: ripoti haijakamilika, michango ya wahudumu watatu imesimamishwa mpaka irekebishwe. Nikajibu kwa sentensi moja. Ripoti ni sahihi.

Ndugu zangu walisema nimekuwa mkaidi, na walisema kweli. Nilikuwa nikikaa ghorofa ya juu ya nyumba ile. Nikaipangisha, nikahamia chumba cha nyuma karibu na jiko, na kodi ikalipa mishahara. Hakuna mhudumu aliyeondoka. Mafunzo niliyapata kwa njia nyengine. Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wa mwalimu kuna mmoja aliyekuwa mtaalamu wa viungo hospitalini. Nilimpigia simu, nikamtajia jina la mwalimu wetu, na sikuhitaji kuongeza neno. Alikuja Jumamosi kadhaa. Tuliweka godoro sebuleni, na mimi nikawa mgonjwa. Mama wa Bungoma alijifunza kupiga magoti badala ya kuinama, kuusogeza mwili wangu karibu na wake, kuhesabu kabla ya kunyanyua.

"Madam," akasema akihema, "Mwalimu ni mwepesi kuliko wewe."

Mwanawe mwalimu alikuja kwa hasira. Mfuko ulikuwa umezipigia familia simu kuzitaka zithibitishe lugha ya kila mzee.

"Umemwandika mama yangu kama mgeni," aliniambia kwa Kiarabu tukiwa uwanjani, hata salamu hakumaliza. "Mwanamke aliyefundisha Kiarabu maisha yake yote! Unataka watu wajue kwamba amekisahau?"

"Nataka apewe mtu anayemuelewa."

"Mtafutie mhudumu wa Kiarabu. Atazoea tu."

"Hatazoea, na hilo unalijua kuliko mimi. Ulimleta hapa kwa sababu gani?"

Alitazama chini. Hasira ilimtoka, kikabaki kitu kibaya zaidi. "Nakuja kumchukua kila siku," akasema, "na njia nzima hanijibu."

"Unamsemesha lugha gani?"

Kwa Kiswahili ambacho ni wazi hakikuwahi kutumika tangu utotoni, akasema, "Kiswahili changu kibovu."

"Atakusahihisha."

Akaingia. Mimi nilibaki nje kumwagia maji mimea, dirisha likiwa wazi. Nilimsikia akikohoa, akikohoa tena.

"Mama, wewe nakula?"

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"'Umekula,'" mwalimu akamwambia. "Sema, 'Mama, umekula?'"

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. We' umekula?"

Alikaa humo mpaka adhana ya alasiri. Alipotoka alikuwa amemshika mama yake mkono, wakaenda garini. Wiki ile kijana wa mfuko alinipigia simu kunieleza kwamba familia ya bibi imethibitisha kwa maandishi: Kiswahili.

Ripoti ya miezi mitatu iliyofuata ilipofunguliwa, orodha ilikuwa na mstari wa tatu: Nyenginezo. Nikachagua Nyenginezo kwa mwalimu, Nyenginezo kwa wahudumu, ukurasa ukapita na michango ikarudi. Ya miezi iliyosimamishwa hawakunirudishia.

"Khalti, umeona?" kijana aliuliza, na nikasikia furaha katika sauti yake. "Tumekufanyia."

"Nimeona, ahsante. Lakini Nyenginezo si lugha. Hakuna mtu aliyezaliwa akaimbiwa Nyenginezo."

Alishusha pumzi. "Chukua hii kwanza, khalti."

Niliichukua. Ukaidi wangu una mipaka, na wanawake watatu wanaonyanyua watu kutwa nzima wanastahili mishahara isiyotegemea kodi ya ghorofa yangu. Lakini kwenye maelezo, chini kabisa, nikaandika tena: Kiswahili. Naandika kila ripoti. Mwalimu siku hizi anasema maneno machache zaidi, na wiki nyengine humaliza bila kumsahihisha mtu, lakini bado yupo hai, bado anakuja, na madhali yupo ataandikwa anavyosema. Akiondoka yeye wapo wengine wanne wa Kiswahili kwangu, na wazee wote wa mji sijawaona.

Mwezi uliopita alinipigia simu mwanamke nisiyemjua, mwenye nyumba kama yangu huko Mawaleh. Alisema amesikia kwa yule kijana kwamba mimi ndiye msumbufu wa Hail. Ana mzee mmoja, dereva wa zamani wa malori, ambaye tangu maradhi yamshike hasemi ila Kibaluchi, na mhudumu anayemuelewa ni mmoja tu.

"Wananiambia niandike Kiarabu au Nyenginezo, yaishe," akasema. "Wewe uliandikaje?"

"Umeshapeleka ripoti?"

"Bado. Iko wazi mbele yangu."

"Basi chagua Nyenginezo, kisha shuka chini kwenye maelezo," nikamwambia. "Andika Kibaluchi. Wakikupigia simu, waambie ni sahihi. Wakikupigia tena, nipigie mimi, tutakwenda wote wawili."

Nilisikia vidole vyake vikigonga. Akanisomea alichoandika, herufi kwa herufi, nikamwambia apeleke.