Mguu Niliomtengenezea Wanjiru

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata ndugu zako sijawasimulia. Kaa nikuambie.

Miaka ile ya tisini nilikuwa msichana, nikifanya kazi kwenye karakana ndogo karibu na mtaa wa Tena. Tulitengeneza miguu ya bandia kwa faibaglasi: unakata vitambaa vya nyuzi za kioo, unaviloweka kwenye gundi, unavipanga juu ya kalibu yenye umbo la mguu mpaka vikauke na kuwa vigumu. Fundi wangu, Mzee Mutua, zamani alikuwa mchonga vinyago, na hakuna aliyezijua nyuzi, za mti au za kioo, kama yeye.

Basi rafiki yangu Wanjiru, tuliyesoma pamoja, akapata ajali akakatwa mguu chini ya goti. Kidonda kilipopona, tulimpima. Kesho yake Mzee Mutua akaitwa kwao Machakos, kuna msiba. Kabla hajaondoka akaniambia:

"Mumbua, usipange vipande vyote vikishuka wima. Vingine vizungushe mshazari, huku na huku, vipishane. Mtu si nguzo. Mtu anageuka."

"Nimesikia, Mzee."

Nilisikia kweli. Lakini dada yake Wanjiru alikuwa anaolewa Jumamosi, naye Wanjiru alitaka kuingia kanisani bila magongo. Vipande vya mshazari vinasumbua; vinateleza, vinakunjamana, unaanza upya. Nikavipanga vyote wima. Nikapiga msasa, nikapaka rangi. Kwa nje ulikuwa mguu mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Jumamosi Wanjiru aliingia kanisani akitembea. Mama yake alilia kwa furaha, nami nikajiona fundi kamili.

Wiki iliyofuata nilimtembelea kwao, mtaa wa Fedha. Wakati wa kuondoka akatangulia kushuka ngazi. Nikamwita kutoka juu, utani tu: "Wanjiru! Unakimbilia wapi na huo mguu mpya?"

Akageuka ghafla, anacheka. Mguu ukapasuka kwa urefu, juu hadi chini, kama kuni.

Akaporomoka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Hakutembea tena.

Mzee Mutua aliporudi, alipitisha kidole kwenye ule ufa. Hakunigombeza. "Zote wima," akasema, akaketi. Baadaye akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nilikwenda, nikamweleza kila kitu. Wanjiru akaniuliza:

"Si ungeniambia tu mguu haujawa tayari, Mumbua? Ningeenda na magongo yangu."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Kila Jumapili nilikwenda kumwogesha, miaka mitatu, mpaka alipotuacha.

Mwanangu, ukipewa kazi ambayo mwili wa mtu utaiegemea, jiulize kwanza ataishi nayo vipi: atainama wapi, atageuka wapi. Huko ndiko upitishe nyuzi zako, hata kama ni taabu, hata kama rangi itaficha kila kitu. Na muda ukiwa hautoshi, sema. Utaona haya siku moja tu.

Mungu akupe mikono yenye subira, na akuepushe na kosa ambalo kusamehewa kwake kunauma kuliko adhabu.