"Si Lazima" Si "Marufuku"

Mukankusi alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, katika mtaa wa Kadutu, kwa wazazi waliokuwa wameikimbia Rwanda bado vijana. Alisoma kwa Kifaransa, alisali kwa Kiswahili, na nyumbani aligombezwa kwa Kinyarwanda. Mwaka 1995 alivuka mto Rusizi kuingia Rwanda pamoja na wazee wake, watu wakasema amerudi kwao, ingawa nchi yenyewe alikuwa hajawahi kuitia machoni. Akapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari ya Kamembe.

Baada ya miaka michache mkuu wa shule aliwakusanya walimu, akawaambia anahitaji mtu wa kufundisha Kiingereza. Kila mmoja akaangalia viatu vyake. Mukankusi akanyoosha mkono.

"Unakijua?" mkuu akamuuliza.

"Bado. Nitakijua."

Na alikijua kweli. Alijifunza kwa redio, kwa kitabu cha sarufi kisicho na jalada, na kwa maafisa wa forodha waliokulia Uganda, ambao aliwasumbua kwa maswali mpaka wakawa wakimwona anakuja wanacheka kabla hajafika. Jambo moja lilimshika kuliko mengine yote: yale maneno madogo ambayo Waingereza huyatia mbele ya kitenzi wanapotaka kushauri au kuamuru. Somo hilo wanafunzi wake walikuwa wakilijua hata kabla ya kuingia darasani kwake, kwa sababu kaka na dada zao walikuwa wameshawasimulia.

"Mama yako anakuambia inafaa uvae sweta," alikuwa akisema. "Hiyo ni *should*. Usipovaa, utasikia baridi, basi. Askari wa mpakani anakuambia toa kitambulisho. Hiyo ni *must*. Usipotoa, huvuki. Mtu anayechanganya hizo mbili, mama yake atamwona hana adabu, na askari atamfunga."

Kisha aliandika *you don't have to eat*, na chini yake *you mustn't eat*, akauliza kama ni kitu kimoja. Nusu ya darasa walijibu ndiyo. Mukankusi alikuwa akilipenda jibu hilo.

"Ya kwanza ni si lazima ule. Ukitaka, kula. Ya pili ni usile, hata ukiwa na njaa ya kufa. Wanangu, 'si lazima' si 'marufuku'. Hapo ndipo Kiingereza huwatega watu wazima."

Ikaja Juni ya 2004. Bukavu ililipuka tena, wanajeshi kwa wanajeshi, na risasi zilisikika mpaka ng'ambo. Watu walimiminika kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, huyu na godoro kichwani, yule na mtoto mgongoni. Shirika moja la misaada lilipiga mahema kwenye uwanja mtupu karibu na mpaka. Jumamosi, Mukankusi na wamama wenzake wa kanisani walipika wali wa mchele wa Bugarama na maharage, wakapeleka.

Walikuta malori yamepangwa mstari, injini zinaunguruma. Kiongozi wa kambi, Muairishi mrefu mwenye uso ulioiva kwa jua, alikuwa anahutubia watu kwa Kiingereza, na kando yake alisimama Bruno, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, akitafsiri. Bruno alikuwa mkimbizi kama wenzake. Walimchagua kwa kuwa alikuwa akisafiri Kampala kununua mali.

Muairishi alisema wangefanya vizuri kuhamia kambi nyingine iliyo mbali na mpaka, kwa kuwa huko kuna usalama zaidi. *You should move*, ndivyo alivyosema. Akaongeza kwamba si lazima wabebe vitu vyote mara moja, lori litarudi kuchukua vilivyobaki.

Bruno akapaza sauti: "Banasema ni lazima muhame leo! Na musibebe bitu!"

Uwanja mzima ulisimama. Mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni kana kwamba bado yuko dukani kwake, akatoka katikati ya watu akaketi chini mbele ya lori la kwanza. Aliitwa Bernadette.

"Mimi siendi!" alisema. "Kaka yangu Muhigirwa balimupandisha mu lori mu vita ya kwanza. Balimuambia vile vile, acha bitu, panda. Mpaka leo hatuyamuona. Mukitaka, munikanyange!"

Wanawake wengine wakaja wakaketi pamoja naye. Dereva akazima injini. Muairishi alikuwa akigeuka huku na huku, haelewi kwa nini watu aliowaletea malori wanamwangalia kama muuaji.

Mukankusi alikuwa na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia maneno yote mawili, ya Muairishi na ya Bruno, na moyo ulimpiga kama wa mtu anayeona sufuria ya maji moto inapinduka. Alimpa mwenzake mwiko, akamwendea Bruno.

"Papa Bruno, niruhusu nikusaidie."

Jasho lilikuwa linamtoka Bruno. "Maman, chukua! Kiingereza yangu ni ya kununua bitenge tu."

Mukankusi akamgeukia Muairishi. Hakumwambia kwamba tafsiri ilikosewa. Alimuuliza kwanza, kwa Kiingereza chake kilichonyooka: "Umesema *should*. Ni ushauri kweli, au ni amri uliyoivisha nguo za heshima?"

Muairishi akatabasamu. Halafu tabasamu likamtoka, maana aliona swali halikuwa la mzaha.

"Anayekataa kupanda," Mukankusi aliendelea, "mtamfanya nini? Mtamnyima chakula? Mtamwitia askari? Niambie sasa, kabla sijafungua mdomo. Nikiwaambia ni hiari na kesho mkaja na fimbo, hawatamwamini tena mtu yeyote hapa, hata mimi."

Yule bwana akaomba asubiriwe, akaingia kwenye hema la ofisi, akazungumza na wakubwa wake kwa redio. Watu walingoja juani. Aliporudi alisema polepole, akimwangalia usoni: hakuna atakayelazimishwa. Atakayebaki atapata chakula na maji kama kawaida, ingawa mpaka uko karibu na risasi hazina macho. Lakini kipindupindu kimeingia. Kila mgonjwa lazima apelekwe kwenye hema jeupe la matibabu; hilo halina hiari.

Mukankusi akapanda kwenye ngazi ya lori.

"Ba maman na ba papa, musikie vizuri! Niko na shauri, na niko na amri. Nitazitenga. Shauri ni hili: kule kambi ya mbali ni salama kuliko hapa, inafaa muende. Hakuna mwenye kuwalazimisha. Mwenye kwenda, abebe bitu byake. Si lazima abebe byote leo, kwa sababu lori itarudia. Lakini akitaka hata jiwe lake la kupikia, abebe!"

Watu wachache walicheka.

"Na tukibaki?" Bernadette akauliza, bado yuko chini.

"Mutakula hapa, mutakunywa hapa. Mimi mwenyewe nimemuuliza."

"Na amri?"

"Amri ni moja. Mwenye kuharisha maji na kutapika, lazima aende mu hema nyeupe, leo, sasa hivi. Mutoto, mukubwa, wote. Kwa hilo hakuna kuchagua."

Bernadette akainuka, akajikung'uta vumbi, akaelekea kwenye mahema. Mukankusi akarudi kwenye wali wake, maana watoto walikuwa wameshapanga mstari na sahani. Alikuwa bado anapakua pale Bernadette alipomshika kiwiko.

"Mwalimu, hii lazima yako, iko lazima ya kweli?"

"Ya kweli, Maman. Ingekuwa shauri, ningekuambia shauri."

Mama yule akampeleka nyuma ya hema lake. Mjukuu wake Vanessa alikuwa amelazwa chini ya vitenge, midomo imekauka, macho yamezama. Alikuwa amefichwa tangu jana. Bibi aliogopa kwamba wakimwona watamchukua na kumpeleka mbali peke yake.

Walimbeba pamoja. Kwenye mlango wa hema jeupe Bernadette akasita. Muuguzi akamwambia kitu kwa Kiingereza, na Mukankusi akatafsiri taratibu, kila neno mahali pake: "Anasema si lazima ubakie inje. Ukitaka, ingia naye."

Akaingia. Vanessa alitundikiwa maji, na kufikia Jumatatu alikuwa analalamika kwamba uji hauna sukari.

Jumamosi ile malori yaliondoka nusu yamejaa. Bruno alipanda na marobota yake yote ya vitenge, na hakuna aliyemsema. Shirika lilimwomba Mukankusi aje kutafsiri, naye akakubali kuja baada ya masomo. Alitoa sharti moja: kabla ya tangazo lolote, aambiwe kwanza lipi ni ushauri na lipi ni amri. Muairishi alizoea haraka, akawa kila alasiri anamsubiri langoni: "Mwalimu, leo *should* tatu, *must* hakuna."

Bukavu ikatulia kiasi, na watu wakaanza kuvuka kurudi. Bernadette akamfuata Mukankusi akamuuliza kama arudi au angoje.

"Inafaa ungoje kidogo," Mukankusi alisema. "Vita haijapoa."

"Hiyo ni shauri?"

"Shauri tu, Maman."

"Aksanti. Basi kesho niko naenda. Duka yangu haiwezi kujifungua yenyewe."

Mukankusi alicheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake asubuhi aliomba ruhusa shuleni, akawasindikiza hadi mpakani. Vanessa alitangulia mbele ya bibi yake, akiuliza maswali njia nzima, na alipofika katikati ya daraja aligeuka akapunga mkono. Mukankusi alimpungia pia, kisha akapanda mlima kwa haraka kuliwahi darasa la saa nne.